Mama, Usikubali Kipande Kitupwe



Leo umekuja ku kilo. Mtoto amepimwa uzito, kadi yake imeandikwa, chanjo amepata. Lakini tunajua namna mambo yanavyokuwa. Mara nyingi ni wakati mama anapomfunga tena mtoto mgongoni kwa kikwembe, karibu kutoka mlangoni, ndipo anasema neno aliloficha tangu asubuhi: "Munganga, mutoto iko na kivimba ku muguu. Haimuume. Ni kintu ya bule tu, hein?"

Pengine ni kitu cha bure kweli. Pengine sivyo. Kitabu hiki kidogo kinaeleza namna wanganga wanavyojua tofauti. Tena kinaeleza kazi iliyo yako wewe, mama, katika jambo hili. Kisome polepole. Kama hujui kusoma, mwombe mtoto mkubwa wa nyumba akusomee.

SIKILIZA HABARI HII

Ni habari ya kufundishia. Mama huyu hana jina, maana anaweza kuwa yeyote kati yetu. Lakini mambo ya namna hii yanatokea kweli.

Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne. Siku moja, akimwogesha, mkono wake ulipita juu ya paja la mtoto, akasikia kitu kigumu chini ya ngozi, kama karanga moja. Mtoto hakulia. Bibi akasema: "Ameanguka tu. Mumuchue na mafuta." Wakamchua. Baada ya miezi miwili ile karanga ilikuwa kubwa kama yai la kuku.

Mama akampeleka mahali pa matibabu karibu na nyumba. Huko wakamwambia: "Ni jipu baridi, tunalitoa leo." Wakakata, wakatoa nyama, wakashona. Ile nyama wakaitia katika ndoo pamoja na pamba zenye damu, ikaenda kutupwa. Mama akalipa, akarudi nyumbani na furaha.

Miezi mitatu ikapita. Uvimbe ukarudi palepale penye kovu, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Sasa mama akaja hospitali. Munganga akamshika mtoto vizuri, akaangalia kovu, kisha akauliza: "Mama, kile kipande walichotoa kilisomwa wapi? Karatasi yake iko wapi?"

Mama akanyamaza. Karatasi haikuwako. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba nyama iliyotoka mwilini inasomwa.

Ikabidi kuchukua kipande kingine na kukipeleka kusomwa. Jibu likasema: ni kansere ya msuli. Dawa yake ilikuwako, lakini kazi ilikuwa ngumu kuliko ingekuwa siku ya kwanza, maana ugonjwa ulipata miezi ya kukua, tena kisu kilikuwa kimekwisha kuupasua bila kuumaliza. Mtoto alitibiwa muda mrefu, na nyama nyingi ya paja iliondolewa. Anatembea, lakini anachechemea. Mama yake alisema: "Kama wangeniambia siku ile, ningekibeba kile kipande mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Ndiyo sababu tumeandika kitabu hiki.

JICHO LINADANGANYIKA

Hapa Lubumbashi sisi ni watu wa shaba. Kila mtu amekwisha kuona mawe ya rangi ya majani yanayotoka katika machimbo. Mawe mawili yanaweza kufanana kama mapacha: rangi moja, uzito mmoja. Lakini mnunuzi wa depo hatoi feza kwa kuangalia tu. Jiwe linasagwa, linapimwa, ndipo wanajua ndani yake kuna shaba kiasi gani. Mchimbaji anayeuza bila kupima anajiibia mwenyewe.

Basi, kama jiwe linapimwa, mwili wa mtoto je?

Uvimbe nao ni hivyo hivyo. Munganga mwenye akili na mwenye miaka mingi ya kazi anaweza kuugusa na kukisia. Mara nyingi anakisia vizuri. Lakini kukisia si kujua. Angalia vitu hivi vyote ambavyo mama anaviita kwa jina moja tu, "kivimba":

– Uvimbe wa mafuta. Ni laini, unateleza chini ya kidole, unakua polepole kwa miaka. Ni mpole.

– Jipu. Ni moto, linauma, lina usaha.

– Tezi za shingo, za kwapa au za kinena. Zinavimba kwa sababu ya kidonda, ya meno mabovu, ya kifua kikuu, na mara nyingine kwa sababu ya kansere.

– Ngiri. Ni utumbo unaosukuma ukuta wa tumbo. Inatoka mtoto akilia, inarudi akilala. Usiichome kamwe!

– Doa la damu la mtoto mchanga. Linaonekana majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, linavimba miezi kadhaa, kisha linapungua lenyewe kwa miaka. Ukilikata nyumbani, damu inatoka nyingi sana.

– Vinundu vya minyoo. Watu wanaokaa karibu na mito yenye maji ya kasi wanaumwa na inzi wadogo weusi, na inzi hao wanaingiza minyoo mwilini. Vinundu vigumu vinatokea juu ya mifupa ya nyonga na ya mbavu. Dawa yake ni ivermektini, ile inayogawiwa vijijini.

– Kovu linalokua, baada ya kuchanjwa, kutoboa masikio au kuungua moto.

– Kansere ya nyama laini, yaani kansere inayoanza katika msuli, katika mafuta, katika mishipa ya damu, au katika nyuzi zinazoshikanisha viungo.

Hii ya mwisho ni ya nadra. Uvimbe mpole wa nyama laini unazidi ule mkali angalau mara 100. Kwa hiyo, mama, usianze kulia kwa sababu umesikia kinundu. Lakini kwa sababu ni ya nadra, ndiyo maana inatudanganya. Munganga ameona uvimbe wa mafuta mara mia, basi wa mia na moja naye anaufikiri ni mafuta. Huo mmoja ndio unaoua.

KIPANDE KINASAFIRI NAMNA GANI

Kuchukua kipande kidogo cha mwili ili kukisoma kunaitwa biopsi. Wamama wengi wanaogopa neno hili kwa sababu hawajui kinachofanyika baada ya hapo. Tufuate kipande hatua kwa hatua.

1. Kukitoa. Munganga anapiga sindano ya ganzi, mahali panakufa maumivu. Kisha anatoa kipande kwa sindano nene, au kwa kisu kidogo. Kama ni ugonjwa wa ngozi, anatumia chuma cha mviringo kinachotoa kipande kidogo kama punje ya muchele. Mtoto mdogo mara nyingine analazwa usingizi, maana hawezi kutulia.

2. Kukihifadhi. Nyama ikiachwa hivihivi inaoza, hata ikitiwa katika maji inaharibika. Kwa hiyo inatiwa mara moja katika maji ya dawa yanayoitwa formoli. Maji hayo yawe mengi, kama mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kipande kinabaki kama kilivyokuwa siku kilipotoka mwilini.

3. Kukiandika. Juu ya chupa wanaandika jina la mgonjwa na tarehe. Katika karatasi wanaandika umri, mahali pa mwili, na uvimbe una muda gani. Hapo neno lako, mama, ni la lazima. Ukisema "ulianza mwaka uliopita" na kumbe ulianza mwezi uliopita, unampoteza msomaji.

4. Kukitia katika nta. Katika laboratori wanaondoa maji yote ya kipande, wanakizamisha katika nta iliyoyeyuka. Nta ikipoa, kipande kinakuwa kigumu ndani yake, na mashine inaweza kukikata.

5. Kukikata. Mashine inakata vipande vyembamba sana. Ukiviweka kama 20 kimoja juu ya kingine, ndipo vinakaribia unene wa karatasi moja. Kila kimoja kinalazwa juu ya kioo kidogo.

6. Kukitia rangi. Kikwembe cheupe hakionyeshi maua mpaka kitiwe rangi. Nyama nayo ni hivyo hivyo. Wanatumia rangi mbili. Moja, ya buluu, asili yake ni mti unaoota Mexico na Amerika ya Kati. Nyingine ni ya waridi. Baada ya hapo sehemu za ndani zinaonekana wazi.

7. Kukisoma. Hapo ndipo munganga wa kusoma vipande anakaa mbele ya mikroskopi, yaani chombo chenye vioo vya kukuza. Hamwoni mtoto wako, haoni uso wake. Anaona seli, zile chembe ndogo sana zinazojenga mwili kama matofali yanavyojenga nyumba. Matofali ya nyumba nzuri yanapangwa kwa mstari. Katika kansere matofali hayafanani, mengine makubwa, mengine madogo, na yanabomoa ukuta wa jirani. Msomaji anaangalia, anafikiri, mara nyingine anaomba rangi nyingine au shauri la mwenzake, ndipo anaandika jibu.

Sasa unaelewa kwa nini jibu halitoki siku ileile. Kazi hii inachukua siku kadhaa, mara nyingine majuma. Katika inchi yetu wanganga wa kusoma vipande ni wachache. Katika sehemu nyingi kipande kinapaswa kusafiri mpaka mji mkubwa.

KWA NINI LAZIMA TUJUE JINA LA UGONJWA

Wengine wanasema: "Uvimbe ni uvimbe. Mutoe tu, ikwishe." Sivyo. Sikia jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, munganga mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Haikufanana na jino bovu. Muda mfupi baadaye akaona mtoto mwingine namna ileile. Akaanza kutafuta katika vitabu vya hospitali, akakuta watoto wengi. Mwaka 1958 akaandika habari yake, naye aliuita ugonjwa huo kansere ya nyama ya taya. Kisu hakikuwaponya watoto hao.

Lakini vipande vyao havikutupwa. Wasomaji wa vipande wa Kampala waliviangalia kwa mikroskopi, wakasema: hii si kansere ya nyama wala ya mfupa. Ni kansere ya seli za tezi, ambazo ni ndugu za chembe nyeupe za damu. Jina likabadilika, na njia ya kutibu nayo ikabadilika. Kansere ya namna hiyo inasikia dawa. Wanganga wakajaribu dawa za sindano na za kumeza, na taya zilizokuwa zimevimba zikapungua kwa siku chache. Watoto wengine walipona kabisa, bila kukatwa taya.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, mmoja wao munganga wa misioni, walisafiri kwa motokari karibu kilometa 16,000, wakizunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika. Waliuliza kila mahali: "Mmeona watoto kama hawa?" Halafu vipande kutoka Uganda vilipelekwa kwa ndege mpaka London. Huko, mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona ndani ya seli hizo kirusi ambacho hakikujulikana mbele. Leo dunia nzima inakiita kirusi cha Epstein-Barr.

Angalia, mama: kipande cha nyama cha mtoto wa Afrika, kidogo kama kichwa cha kidole, kilifundisha dunia. Na kansere hii inapatikana hapa Kongo vilevile. Inakua upesi sana, uvimbe unaweza kuwa mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo mtoto mwenye taya linalovimba, na meno yanayolegea bila sababu, asingoje juma lijalo.

Taya moja, basi, linaweza kuwa na jipu la jino, au kansere ya tezi, au kansere ya msuli. La kwanza linataka kung'oa jino na dawa ya usaha. La pili linataka dawa za kansere, si kisu. La tatu linataka dawa pamoja na kisu, na mara nyingine mashine ya miali. Ukikosea jina, unakosea dawa. Ukikosea dawa, unapoteza mtoto na feza pamoja.

NGOZI NAYO INASEMA

Magonjwa mengi ya ngozi munganga anayajua kwa jicho: upele, mapunye, vidonda vya kujikuna. Lakini mengine yanajificha.

Ukoma. Ni doa lililofifia au jekundu kidogo, ambalo halisikii. Ukiligusa kwa pamba mtoto akiwa amefumba macho, hajui kwamba umemgusa. Tangu mwaka 1873, munganga Hansen wa Norway alipoona vijidudu vyake kwa mikroskopi, tunajua kwamba si laana wala uchawi wala urithi wa ukoo. Dawa yake ni ya bure, inamezwa miezi 6 au 12, na inaponya. Lakini vidole vilivyokwisha kupotea havirudi. Kwa hiyo uje mapema.

Ugonjwa wa Kaposi. Ni madoa au vinundu vyeusi-vyekundu, mara nyingi miguuni, tena mguu unavimba. Kwa watoto unaweza kujificha katika tezi tu, bila doa la ngozi. Munganga Kaposi aliuandika huko Vienna mwaka 1872, na hapa Afrika ya kati ulikuwako kabla SIDA haijajulikana. Lakini SIDA iliuongeza sana. Watu wanauita uchawi wa kukanyaga, au wanaufikiri ni ukoma. Kipande kikisomwa, ukweli unatoka. Kama mgonjwa ana virusi vya SIDA, dawa za SIDA zenyewe zinasaidia kuupunguza.

Kidonda kisichopona. Kidonda cha zamani, au kovu la moto linalofunguka tena na kuota nyama kama ua la koliflawa, linaweza kugeuka kansere. Usilifunike miaka kwa majani na unga wa dawa. Lisomwe.

Mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake haina rangi ya kumkinga na jua. Mvishe kofia pana na mikono mirefu tangu utoto, na usimkalishe juani sokoni. Kidonda au gamba usoni, masikioni, shingoni au mikononi, lisilopona kwa mwezi mmoja, lionyeshe. Kansere ya ngozi ikikamatwa ikiwa ndogo inaondolewa yote na mtoto anapona.

Doa jeusi chini ya unyayo au chini ya ukucha, linalopanuka au kutoa damu. Hili linapata zaidi watu wazima. Mama, angalia nyayo za baba na za mama yako mzee pia.

MASWALI YA WAMAMA

"Banasema kama kisu inagusa kansere, inaamuka na kupanda mwili wote. Ni kweli?"

Hapana. Biopsi ikifanywa vizuri haiamshi kansere. Watu wanaona mgonjwa amekatwa, kisha amekufa, wanasema ni kisu. Kumbe alikuja akiwa amechelewa. Lakini neno moja ni la kweli: kukata vibaya kunaharibu. Mtu asiyefundishwa akipasua uvimbe katikati, anafanya kazi ya mpasuaji kuwa ngumu. Kwa hiyo usikubali kukatwa na kila mtu mwenye wembe.

"Mutafanya nini na nyama ya mutoto yangu?"

Ni haki yako kuuliza. Kile kilichotiwa katika nta ni kidogo kama kipande cha sukari. Kinawekwa katika sanduku chini ya namba, hakiozi, na kinaweza kusomwa tena baada ya miaka. Hakiuzwi wala hakitumiwi kwa mambo ya giza. Kinatunzwa kwa faida ya mtoto: siku moja munganga mwingine, hata wa inchi nyingine, anaweza kutaka kukisoma.

"Feza haiko."

Tunajua. Kusoma kipande kunalipiwa katika hospitali nyingi. Kwa hiyo uliza bei mbele ya kukata, si baada. Sema wazi unacho kiasi gani. Lakini piga hesabu vizuri: mama wa habari yetu alilipa kukatwa mara mbili, na dawa za miezi mingi, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyelipa kusoma.

"Kama ni kansere, si ni kufa tu? Heri nisijue."

Mama, uchungu wako tunauelewa. Lakini kansere si ugonjwa mmoja, na nyingine za watoto zinapona. Kisha, kumbuka kwamba uvimbe mwingi si kansere. Wamama wangapi wanakesha usiku kwa sababu ya uvimbe wa mafuta? Kutokujua hakumponyi mtoto, kunamwongezea mama usiku wa kulia tu.

"Mufumu alisema ni mutu alimutupia."

Hatutaki kugombana na mtu. Lakini umwambie mufumu asichanje, asichome, asikamue uvimbe huo. Nawe usingoje dawa yake iishe ndipo uje. Siku zinapita, uvimbe haungoji.

KAZI YAKO WEWE MAMA

Kwanza, mguse mtoto. Ukimwogesha, pitisha mkono shingoni, kwapani, tumboni, kinenani, mapajani, mgongoni. Hakuna munganga anayeujua mwili wa mtoto kuliko mkono wa mama yake.

Pili, njoo upesi ukiona moja ya mambo haya:

– uvimbe mkubwa kama yai la kuku au zaidi;
– uvimbe unaokua, hata kama hauumi. Maumivu si alama ya hatari peke yake. Kansere nyingi mwanzoni haziumi;
– uvimbe ulio ndani sana, usioteleza chini ya kidole;
– uvimbe uliokatwa na kurudi;
– tumbo la mtoto linalovimba upande mmoja, au taya linalovimba;
– doa lisilosikia, au kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja.

Tatu, kabla ya kukatwa, uliza: "Kipande kitapelekwa kusomwa? Wapi? Bei gani? Nirudi siku gani?" Usione haya. Munganga mzuri hakasiriki kwa maswali haya, anafurahi. Mahali wasipoweza kusoma, waombe wakupe karatasi ya kukutuma hospitali kubwa, kama vile Sendwe au Cliniques Universitaires hapa mjini.

Nne, pengine watakupa chupa uipeleke mwenyewe laboratori. Angalia jina la mtoto liko juu yake. Usimwage yale maji, usiongeze maji ya bomba, usiiweke juani, wala mahali mtoto anaweza kuifikia, maana formoli ni sumu. Usipitie sokoni kwanza. Nenda moja kwa moja.

Tano, rudi kuchukua jibu. Hili ndilo tunaloomba kwa nguvu zaidi. Jibu lililobaki ndani ya sanduku la laboratori halimsaidii mtoto. Acha namba ya simu, yako au ya jirani. Ukihama kartieri, tujulishe.

Sita, tunza karatasi. Inaandikwa kwa Kifaransa. Neno "bénin" au "bénigne" maana yake ni uvimbe mpole. Neno "malin" au "maligne" maana yake si akili, kama wanavyosema mjini. Maana yake ni uvimbe mkali, ni kansere. Ukikuta imeandikwa kwamba kipande hakikutosha, usikate tamaa: inabidi kuchukua kingine. Usijifasirie mwenyewe karatasi yote. Mwombe munganga akae chini akueleze kwa Kiswahili, polepole, mpaka uelewe. Kisha iweke pamoja na kadi ya chanjo, katika mfuko usiolowa mvua.

KUMBUKA

Uvimbe mwingi ni mpole, lakini jicho haliwezi kuapa.

Kitu kilichokatwa mwilini kisomwe. Kisichosomwa ni kama barua iliyochomwa kabla ya kufunguliwa.

Jina la ugonjwa kwanza, dawa baadaye.

Jibu linakungoja. Rudi kulichukua.

Basi, mama, ukimaliza kusoma kitabu hiki usikifungie maandazi. Mpe jirani ambaye hakuja ku kilo leo. Na kama wewe ni yule mama aliyesimama mlangoni na neno moyoni, usitoke. Mfungue mtoto mgongoni, utuonyeshe ile pahali. Tuko hapa. Mungu akulinde pamoja na watoto wako.